Ridhaa ya Mwanafunzi Mchezaji I Wapi?

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hunijia akilini kila muhula wa pili unapowadia, ninapoyaona mabasi ya shule yakipita katika barabara za Nairobi yakiwa yamejaa vijana waimbao, wakielekea kwenye mashindano ya kandanda ya shule za upili. Shule itakayoshinda itapata kombe. Mwalimu mkuu atapata sifa, na wazazi watamiminika mwaka ujao kutafuta nafasi kwa watoto wao. Kocha atatajwa magazetini, na huenda akaitwa na klabu kubwa. Mdhamini ataliona jina la kampuni yake likimeremeta kifuani mwa mshambuliaji. Je, huyo mshambuliaji, ambaye ndiye aliyecheza hasa, atatuzwa nini?

Jibu tulilozoea kulitoa ni kwamba yeye ni mwanafunzi, na kwa hivyo ni mchezaji wa ridhaa. Si haki kwake kufikiria malipo. Leo nataka kulichunguza jibu hilo, kwa kuwa naamini limeficha jambo linalowaumiza watoto wa maskini, na hasa watoto wa Kibera na Kawangware, ambako vipaji vya kandanda hutafutwa kama dhahabu.

Tuanze na neno lenyewe. Wazungu humwita mchezaji asiyelipwa kwa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mpenzi. Kwao, mtu huyo hucheza kwa sababu anaupenda mchezo. Sisi Waswahili hatukulifuata neno hilo. Tulisema ndondi za ridhaa, kandanda ya ridhaa, mchezaji wa ridhaa. Na ridhaa si mapenzi. Ridhaa ni kukubali kwa hiari. Neno hili tunalitumia katika ndoa, katika mauzo ya shamba, na hospitalini kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Mahali pote hapo ridhaa ina masharti mawili: anayeombwa aelezwe bayana kile anachokikubali, na awe na uwezo wa kukataa. Pasipo masharti hayo, mtu huwa hajaridhia, amenyamaza tu.

Sasa tuitazame hali ilivyo mitaani. Barabara ya Ngong hupita kati ya mitaa hii miwili, Kibera ikiwa kusini na Kawangware kaskazini. Huko Kibera, wazee wengi huamka alfajiri wakaenda kwa miguu hadi Eneo la Viwanda kutafuta kibarua. Kutoka Kawangware, akina mama huvuka kwenda Lavington kufua nguo katika nyumba za watu. Mwongozo wa karo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2023 uliweka karo ya shule za bweni za umma kati ya shilingi 40,535 na 53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro, vitabu na nauli. Kwa mzazi anayelipwa kwa siku, na ambaye baadhi ya siku hakosi kurudi mikono mitupu, fedha hizo ni mlima.

Katika nyumba ya namna hiyo huingia mjumbe wa shule. Aghalabu huwa mwalimu wa michezo, ama rafiki yake aliyemwona kijana akisakata mpira kwenye uwanja wa vumbi. Ujumbe wake ni mtamu: mwachieni mtoto aje kwetu, karo tutaishughulikia. Mzazi hushukuru, jirani huja kupongeza, na kijana hufunganya virago vyake. Hakuna karatasi inayoandikwa. Hakuna anayeuliza ni karo ya miaka mingapi, wala ni nani hasa atakayeilipa, ni shule, ni mwalimu mkuu, au ni mfadhili fulani aliyeahidi. Nani atathubutu kuuliza maswali mbele ya neema?

Sitaki nieleweke vibaya. Desturi hii imewaokoa vijana wengi, nami siilaani. Wapo waliosoma hadi chuo kikuu kwa sababu ya mguu wa kushoto. Huko Kibera, mpira uliwahi hata kuzaa shule: timu ya kandanda ya wasichana ndiyo iliyokuwa mbegu ya Kibera Girls Soccer Academy, iliyoanzishwa mwaka 2006 ili wasichana wa mtaa huo wapate elimu ya sekondari bila kulipa karo. Lawama yangu haiwaendei wanaotoa nafasi. Lawama yangu ni kwamba nafasi hutolewa kwa mdomo na huondolewa kwa mdomo.

Fikiria yanayoweza kutokea. Kijana anaumia goti katika mwaka wake wa pili. Au kocha aliyemleta anahamishwa hadi kaunti nyingine. Au mwalimu mkuu mpya anaripoti, anayeipenda voliboli kuliko kandanda. Au kijana mwenyewe, kama vijana wote, anarefuka ghafla na wepesi wake unampotea kwa msimu mmoja. Muhula unaofuata anaambiwa arudi nyumbani akalete karo. Mzazi anapokwenda kuuliza kuhusu ahadi ile, anajibiwa kwamba ofisi haina habari nayo. Waama, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali iliyopotea hapa ni miaka ya masomo ya mtoto, wala hairudi.

Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, limeeleza mchezaji wa kulipwa ni nani. Ni yule aliye na mkataba wa maandishi na klabu, na ambaye malipo yake yanazidi gharama anazoingia kwa ajili ya mchezo. Wengine wote ni wa ridhaa. Tukimpima kijana wetu kwa kipimo hicho, twaona ajabu. Yeye hulipwa: karo, bweni, chakula na sare ni malipo, na yanazidi sana bei ya viatu vya mpira. Kinachomfanya ahesabiwe kuwa wa ridhaa si kukosa malipo bali ni kukosa karatasi. Amekubali kufanya kazi ya mwenye mkataba huku akinyimwa kinga ya mkataba.

Atakayeniambia kwamba kucheza bila malipo ni utukufu wa kale unaofaa kulindwa, namwomba aitazame historia ya utukufu huo. Mwaka 1879, wasimamizi wa mashindano ya kupiga makasia ya Henley, Uingereza, waliandika kanuni ya kueleza ni nani mchezaji wa ridhaa. Kanuni hiyo iliwakataza hata mafundi na vibarua waliotafuta riziki kwa mikono yao. Haikujali kama walilipwa kwa kupiga makasia au la. Kosa lao lilikuwa kufanya kazi. Ilipofika mwaka 1912, Jim Thorpe, Mmarekani wa asili ya Wahindi Wekundu, alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm; mwaka uliofuata akanyang'anywa zote kwa kuwa aliwahi kupokea vijisenti kwa kucheza besiboli. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa kamati ya Olimpiki kumtambua tena kuwa mshindi pekee. Sheria ya kutolipwa ilitungwa na watu wasiohitaji kulipwa. Mwana wa tajiri angeweza kucheza kwa mapenzi mchana kutwa. Mwana wa kibarua alipofanya hivyo, alilala njaa.

Sisi Wakenya tuliyaonja hayo. Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968 akiwa askari polisi, na ilipofika mwaka 1973 akajiunga na kundi la wakimbiaji wa kulipwa la Marekani, jambo ambalo siku hizo lilimaanisha kuiaga Olimpiki. Mwaka 1978, Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Sijui kama dunia itauona tena mwaka kama ule. Lakini kanuni za michezo ya vyuo zilimtaka mwanafunzi apokee masomo tu, na Olimpiki za 1976 na 1980 zote zilimpita kwa sababu ya migomo ya kisiasa. Baadaye Rono alipitia ulevi na kukosa makao, kama alivyosimulia mwenyewe kitabuni. Alifariki mwezi Februari 2024. Sidai kwamba fedha zingemkinga na kila balaa. Nasema tu kwamba waliokuwa wakimshangilia walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakimwandalia kesho yake.

Marekani inastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa ndiko suala la mwanafunzi mchezaji lilikobishaniwa kwa muda mrefu kuliko kwingineko. Mwaka 1955, kijana aitwaye Ray Dennison alifariki kutokana na jeraha la kichwa alilolipata akichezea timu ya chuo chake katika jimbo la Colorado. Mjane wake alidai fidia, kama mjane wa mfanyakazi yeyote. Mahakama kuu ya jimbo ilimkatalia mwaka 1957. Ni katika miaka hiyo ambapo chama cha michezo ya vyuo kilianza kusisitiza jina la mwanafunzi mwanamichezo, na Walter Byers, aliyekuwa mkuu wa chama hicho, alikiri baadaye kwamba jina hilo lilibuniwa ili vyuo visije vikadaiwa fidia za wafanyakazi. Kumbe jina zuri laweza kuwa kufuli!

Tena, mwaka 1973 chama hicho kilibadilisha ufadhili wa wachezaji ukawa wa mwaka mmoja mmoja. Kocha aliweza kumwacha kijana aliyeumia au aliyefifia, na kijana akakosa masomo. Iliwachukua takriban miaka 40, hadi 2012, kuruhusu tena ufadhili wa miaka mingi. Na mwaka 2015 vyuo vya majimbo makubwa ya kimichezo vikakubaliana kwamba mchezaji asinyimwe ufadhili kwa sababu ya uchezaji wake. Hayo yalitangulia fedha. Fedha zilikuja baadaye: tangu Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayokiruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza, yaani zaidi ya shilingi bilioni 2.6 za Kenya. Wakimbiaji wetu walioko katika vyuo hivyo hawafaidi sawasawa na wenzao, maana viza ya mwanafunzi mgeni humzuia kufanya kazi kwa uhuru. Hata huko, basi, mlango umefunguliwa nusu.

Je, nasema sasa shule zetu ziwalipe wanafunzi mishahara? La, hasha. Nina sababu tatu. Kwanza, fedha za namna hiyo hazipo. Chuo cha Marekani hugawana mabilioni ya televisheni. Shule yetu ya upili hukopa mahindi kwa mfanyabiashara ikisubiri mgao wa serikali. Pili, tungeongeza maradhi tuliyo nayo. Tayari mashindano yetu yameandamwa na kero ya mamluki, watu wazima wanaovaa sare za shule ili kushinda kombe. Tukiweka mshahara mezani, tutawaona wenye ndevu wakijiandikisha Gredi ya 10. Tatu, mchezaji wa shule kwa kawaida ni mtoto, na Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya elimu ya msingi na kumkinga dhidi ya kazi ya unyonyaji. Mtoto asiajiriwe. Lakini kumnyonya mtoto bila kumwajiri si kumkinga.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, msimamo wangu ni tofauti. Hao ni watu wazima wenye vitambulisho. Timu za raga za vyuo, kama Mean Machine ya Nairobi na Blak Blad ya Kenyatta, zimewahi kukabiliana katika ligi ya Kombe la Kenya na klabu za kampuni na za benki. Mwanachuo anayevunjwa mbavu na mtu mzima mwenzake hana sababu ya kuzuiwa kupokea posho, bima au malipo ya tangazo, mradi anahudhuria masomo yake. Raga yenyewe iliufuta mpaka wa ridhaa na malipo duniani kote mwezi Agosti 1995, na mchezo haukufa.

Kwa shule za upili, ninachokidai ni karatasi moja. Mwanafunzi yeyote anayeingizwa shuleni kwa ajili ya michezo apewe mkataba wa ufadhili uliotiwa sahihi na mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, mzazi na mwanafunzi, na nakala yake ipelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mkataba huo useme mambo manne tu. Kwanza, karo italipwa hadi mtihani wa mwisho, awe amefunga mabao 30 au amekaa benchi, awe mzima au amevunjika mguu. Pili, akiumia akiichezea shule, shule itagharamia matibabu. Tatu, hatakosa vipindi zaidi ya kiasi kitakachoandikwa, na walimu watamfidia vipindi alivyovikosa akiwa mashindanoni. Nne, ana haki ya kuacha kucheza na kuendelea kusoma. Hilo la nne ndilo litakaloirudisha maana ya neno ridhaa, kwa kuwa asiyeweza kusema siwezi, hawezi kusema naam.

Watakuwapo watakaosema kwamba shule zikifungwa na maandishi zitaacha kuwachukua watoto wa mitaani. Hoja hii si ya kupuuzwa. Yawezekana kweli shule fulani iliyokuwa ikichukua wachezaji 12 itachukua watano. Lakini watano watakaomaliza shule ni bora kuliko 12 ambao saba kati yao watarudishwa Kibera wakiwa na magoti mabovu na bila cheti. Shule isiyoweza kuahidi miaka yote kwa maandishi haikuwa na uwezo wa kuiahidi kwa mdomo.

Tena kuna njia ya kusaidia kulipia gharama hiyo. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapohamishwa kwa malipo kutoka klabu ya nchi moja hadi ya nchi nyingine, asilimia 5 ya malipo hayo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kanuni hii yakiri hivyo. Lakini mgao huenda kwa klabu zilizosajiliwa na ambazo rekodi ya mchezaji inazitaja. Dennis Oliech alichezea Dagoretti Santos, akapitia Mathare United, akaenda Qatar, kisha Nantes na Auxerre za Ufaransa. Wako wangapi wengine, wasio na jina kama lake, waliofunzwa na shule za kando ya Barabara ya Ngong, na kazi hiyo haikuandikwa popote? Shirikisho la kandanda nchini na chama cha michezo ya shule za upili wangekaa pamoja wakaweka utaratibu wa kuzisajili shule au kuziunganisha na klabu za mitaa, ili sehemu ya fedha hizo irudi katika mfuko wa karo wa wachezaji wanaofuata.

Wakati wa kufanya hivyo ni huu. Mtaala wa umilisi umeufanya mchezo kuwa somo kamili: wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 wana mikondo mitatu ya kuchagua, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali iliyoutambua mchezo kuwa njia ya maisha haiwezi tena kumwambia kijana kwamba anachokifanya uwanjani ni mchezo tu.

Kwenu walimu, nasema: mkienda Katwekera au Kabiro kumtafuta winga, nendeni na kalamu. Na kwenu wanafunzi, hasa ninyi mnaofuatwa kwa ahadi tamu: si utovu wa adabu kumwomba mkubwa aandike alichokisema. Mwambieni kwa heshima, Mwalimu, twashukuru, tafadhali tuandikie ili mama ahifadhi. Atakayekasirika kwa kuombwa hivyo, mwacheni aende zake; amewaonyesha mapema thamani ya ahadi yake.